Phuket Wakati wa Mvua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya msafiri anayefikiria kwenda Phuket, kusini mwa Thailand, kati ya Mei na Oktoba, wakati wageni ni wachache na bei ni nafuu. Msimamo wangu uwe wazi tangu mwanzo: safari hiyo inafaa sana, mradi msafiri aende kwa ajili ya mji, chakula na watu wake, wala asiende akitegemea bahari ya upande wa magharibi.

## Majira na hali ya hewa

Msimu wa mvua huanza lini na kwisha lini?

Kwa kawaida huanza katikati ya Mei na kwisha mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Chanzo chake ni upepo wa kusini-magharibi unaovuka Bahari ya Andaman ukiwa umebeba unyevu mwingi, ukagonga vilima vya kisiwa na kuumwaga unyevu huo. Upepo huo ni sehemu ya mfumo mkubwa wa pepo za Bahari ya Hindi, ule ule unaoleta kusi katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo msomaji wa Lamu, Unguja au Mtwara hatashangaa kuona bahari ikichafuka kwa miezi mizima kisha ikatulia ghafla upepo unapogeuka.

Mvua hazilingani mwezi hadi mwezi. Mei hunyesha sana, Juni hadi Agosti huwa na vipindi virefu vya nafuu, na Septemba na Oktoba ndicho kilele. Septemba peke yake inaweza kuleta zaidi ya milimita 300.

Je, hunyesha kutwa kucha?

Mara nyingi hapana. Siku ya kawaida huanza na mawingu mepesi na jua la kuchoma, halafu mchana au jioni upepo hubadilika, vilima vya magharibi hupotea machoni, na mvua hushuka kwa kishindo kwa muda wa saa moja au mbili. Baada ya hapo barabara hufuka mvuke na watu huendelea na shughuli zao. Hata hivyo zipo nyakati, hasa Septemba na Oktoba, ambapo mvua hudumu siku mbili au tatu bila kupumzika. Anayekwenda kwa siku nne tu anaweza kuangukia katikati ya kipindi hicho, na ndiyo maana ninapendekeza angalau siku saba.

Kuna baridi?

Hakuna. Joto hubaki kati ya nyuzi 24 na 32 za Selsiasi, na unyevu wa hewa ni mkubwa. Baridi pekee utakayoikuta ni ya viyoyozi vya mabasi na maduka makubwa, ambayo kwa mtu aliyelowa si jambo dogo.

Mwezi gani ni bora ndani ya msimu huu?

Kwa anayetaka mji na matunda, mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Agosti. Kwa anayetaka kuona sherehe kubwa kuliko zote za kisiwa, mwisho wa Septemba au Oktoba, akiwa amejiandaa kulowa (tazama swali la sherehe hapo chini). Mwenye hamu ya kupiga mbizi katika visiwa vya mbali asubiri Novemba.

## Bahari na boti

Naweza kuogelea baharini?

Katika fuo za magharibi, ambazo ndizo maarufu, yaani Patong, Karon, Kata, Kamala, Surin, Nai Harn na nyinginezo, siku nyingi za msimu huu jibu ni hapana. Upepo huzipiga moja kwa moja. Ufuo ambao Februari ulikuwa kama bwawa, Julai huwa na mawimbi mazito na mikondo inayovuta kuelekea kilindini. Zipo siku za utulivu ambapo waokoaji hufungua sehemu fulani kwa bendera za rangi nyekundu na njano zikiwa zimesimikwa jozi. Ogelea katikati ya bendera hizo tu.

Upande wa mashariki, kama Rawai na Chalong, bahari imekingwa na ni tulivu zaidi, lakini maji yake ni mafupi, yana tope, na hutumika zaidi kwa kuegesha boti. Watu wengi wa msimu huu huishia kuogelea katika bwawa la hoteli, na kwa familia yenye watoto mimi huona hilo ndilo jambo la busara.

Bendera nyekundu ina uzito gani hasa? Mbona naona watu wamo majini?

Bendera nyekundu iliyo peke yake maana yake ni kutoingia majini. Karibu kila msimu wa mvua watu huzama Phuket, na wengi wao ni wageni walioingia wakati bendera hiyo inapepea, wengine wakiwa waogeleaji hodari. Kinachowaua ni mkondo kuliko wimbi lenyewe. Maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi hutafuta njia ya kurudi, hukusanyika katika mfereji mwembamba, na kutoka kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuishinda kwa mikono yake.

La kusikitisha ni kwamba mfereji huo, ukitazamwa kutoka mchangani, mara nyingi ndio unaoonekana salama kuliko sehemu nyingine: mawimbi hayavunjiki hapo, uso wa maji umelala, na rangi ni nzito kidogo au imechanganyika na mchanga. Mgeni huchagua kuingia papo hapo. Simama dakika kumi ukitazama bahari kabla ya kuvua viatu, na ukimwona mwokoaji, muulize kwa ishara. Hata asiyejua lugha yako atakuonyesha kwa kidole mahali pa kuepuka. Kuona wengine wamo majini hakuthibitishi chochote kuhusu usalama wa maji hayo.

Nikikamatwa na mkondo nifanye nini?

Usipigane nao. Elea chali, vuta pumzi, inua mkono mmoja kuomba msaada. Mkondo hauvuti mtu chini, humpeleka nje tu, na nguvu yake hupungua baada ya kupita mahali mawimbi yanapovunjika. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke katika mfereji, kisha rudi ukisaidiwa na mawimbi. Aliye ufukweni asimfuate mikono mitupu. Amtupie kitu kinachoelea na kupiga kelele. Namba ya huduma ya dharura ya matibabu Thailand ni 1669, na ya polisi wa watalii ni 1155.

Safari za boti kwenda visiwani huendelea?

Nyingine huendelea, nyingine hufutwa asubuhi ya siku yenyewe. Feri kubwa za kutoka gati ya Rassada, mjini Phuket, kwenda visiwa vya Phi Phi husafiri mwaka mzima bahari ikiruhusu. Boti za mwendo kasi ndizo zinazoyumba zaidi, na abiria wake hupigwa na mawimbi mpaka migongo ikauma. Mjamzito au mwenye maradhi ya mgongo asipande kabisa katika miezi hii.

Safari ninayoipendekeza bila kusita ni ya Ghuba ya Phang Nga, iliyo kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Ghuba hiyo imekingwa dhidi ya upepo, maji yake ni tulivu hata Septemba, na majabali yake marefu ya mawe ya chokaa hupendeza zaidi yakiwa yamezungukwa na ukungu kuliko chini ya jua kali. Huko kuna mapango yanayopitika kwa mtumbwi maji yanapokupwa, na kuna Ko Panyi, kijiji cha wavuvi Waislamu kilichojengwa juu ya nguzo baharini, chenye msikiti unaoonekana kutoka mbali.

Mamlaka zikikataza boti kutoka, usimtafute mwenye boti atakayekubali kwa siri. Tarehe 5 Julai 2018 boti iliyoitwa Phoenix, iliyokuwa ikirudi Chalong na watalii, ilizama katika dhoruba, na watu 47 wakapoteza maisha.

Visiwa vipi hufungwa?

Visiwa vya Similan na Surin (si ufuo wa Surin uliotajwa hapo juu), ambavyo ni hifadhi za taifa, hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, kwa usalama wa wageni na ili matumbawe yapumzike. Ghuba ya Maya katika kisiwa cha Phi Phi Leh hufungwa Agosti na Septemba. Ilifungwa kabisa mwaka 2018 baada ya kuharibiwa na wingi wa watalii, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti makali. Mtu yeyote atakayekuuzia tiketi ya Similan mwezi Julai anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Je, bahari ya msimu huu haina faida yoyote?

Inayo kwa wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kata na Kalim hupata mawimbi mazuri wakati huu, na wapo walimu wanaofundisha wanaoanza.

## Kukaa mjini

Nikae ufukweni au mjini?

Mjini. Phuket ni jina la kisiwa, la mkoa, na pia la mji uliopo kusini-mashariki mwa kisiwa, ambao wageni wengi huupita wakikimbilia Patong. Mvua zinaponyesha, hoteli ya ufukweni hukuacha ukitazama bahari usiyoweza kuigusa, ilhali mjini kila kitu kiko karibu na maisha hayasimami.

Mji mkongwe uliota juu ya utajiri wa madini ya bati. Wachina wa Hokkien, wenye asili ya Fujian huko Uchina, waliokuja kuchimba na kufanya biashara katika karne ya 19 walijenga nyumba ndefu, nyembamba, zenye duka mbele na makazi nyuma, kwa mtindo uliochanganya Uchina na Ulaya. Barabara za Thalang, Dibuk na Krabi, pamoja na kichochoro cha Soi Romanee, ndizo zilizohifadhi nyumba hizo vizuri kuliko nyingine. Wajenzi walijua mvua: orofa ya juu imetokezwa mbele na kushikiliwa na matao, ili chini yake pawe na baraza linalounganisha nyumba hadi nyumba.

Nitafanya nini mvua ikishuka?

Simama chini ya baraza hizo za Thalang na uangalie. Wenye maduka husogeza ndani vibao na viti kwa utulivu wa mtu aliyezoea, vigae vya sakafu vyenye maua hung'aa kwa maji, na mfereji kando ya barabara hujaa kwa dakika chache. Unaweza kutembea sehemu kubwa ya barabara hiyo bila kufungua mwavuli. Kuna migahawa midogo ya kahawa, na kuna Makumbusho ya Thai Hua, iliyokuwa shule ya Kichina, inayoeleza vizuri safari ya wahamiaji hao. Jumapili jioni Barabara ya Thalang hufungwa kwa magari na kuwa soko la chakula na kazi za mikono; mvua ikianza, wauzaji hufunika meza kwa nailoni na kuendelea kuuza.

Nje ya mji, maporomoko ya maji ya Bang Pae na Ton Sai, katika msitu wa Khao Phra Thaeo, huwa na maji ya kutosha msimu huu tu. Miezi ya kiangazi hubaki mawe. Nenda asubuhi, na usikaribie maji mara baada ya mvua kubwa.

Chakula kikoje?

Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza Phuket katika orodha ya miji ya ubunifu kwa upande wa mapishi, na mji unastahili heshima hiyo. Tambi za Hokkien zilizokaangwa kwa moto mkali, barafu iliyokwanguliwa yenye jeli iitwayo o-aew, na mchuzi wa nazi wenye kaa unaoliwa na tambi nyembamba za mchele ni mwanzo mzuri.

Halafu kuna matunda, ambayo kwangu ni sababu tosha ya kwenda msimu huu. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi masoko hujaa shokishoki, mangostini, longkong (matunda madogo yanayokua kwa vichala) na doriani. Mzanzibari atazitambua shokishoki na doriani mara moja, ila hapa zinauzwa kwa marundo, na muuzaji hukupasulia doriani mbele yako na kukubonyezesha nyama yake ili uchague iliyoiva. Hoteli nyingi hukataza doriani vyumbani kwa sababu ya harufu. Uile kando ya barabara.

Chakula halali kinapatikana?

Kinapatikana bila shida. Waislamu ni sehemu kubwa ya wenyeji wa kisiwa, hasa vijiji vya Bang Tao, Surin na Kamala, na mjini pia kuna msikiti. Vibanda vyao huandika neno halali kwa Kiarabu. Asubuhi huuza roti kwa mchuzi wa kari, na mchana khao mok, wali wa manjano na kuku ambao mla biriani ataufurahia. Jihadhari na vyakula vya Wahokkien, kwani nguruwe hutumika sana, hata katika supu isiyoonekana kuwa na nyama.

Kuna sherehe gani katika miezi hii?

Julai kwa kawaida huwa na sikukuu za Kibuddha za Asanha Bucha na Khao Phansa, ambapo watawa huanza miezi mitatu ya kutulia mahali pamoja kipindi cha mvua. Ofisi hufungwa na uuzaji wa pombe huwekewa vikwazo. Kati ya Agosti na Septemba Wachina wa Phuket huadhimisha Por Tor, sherehe ya kuwalisha wafu, kwa keki nyekundu zenye umbo la kobe.

Kubwa kuliko zote ni sherehe ya kutokula nyama, ya siku tisa mwanzoni mwa mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina. Mapokeo husema ilianza mwaka 1825, huko Kathu, katikati ya kisiwa. Bendera za njano hutundikwa kwenye vibanda vyote vinavyopika bila nyama, mayai wala kitunguu saumu, waumini huvaa nyeupe, na maandamano ya alfajiri huwa na watu waliotobolewa mashavu kwa vyuma, huku fataki zikilipuliwa miguuni mwao. Ni ibada. Simama kando, vaa nyeupe kama unaweza, linda macho na masikio, na usimsogezee kamera usoni mtu aliyetobolewa. Watoto wadogo wasipelekwe kwenye maandamano yenyewe.

## Gharama na usafiri

Bei hushuka kweli?

Ndiyo, malazi zaidi ya vingine. Chumba kinaweza kushuka hadi nusu ya bei ya Desemba, na hoteli zilizo mbali na ufuo hukubali mazungumzo kwa anayekaa wiki nzima. Chakula cha mitaani na nauli hazibadiliki sana. Toa fedha nyingi kwa mara moja kwenye mashine ya benki, kwa sababu kadi ya kigeni hutozwa ada ya zaidi ya baht 200 kila unapotoa.

Nitazungukaje?

Uwanja wa ndege uko kaskazini mwa kisiwa, kilomita 30 na kitu kutoka mjini, na yapo mabasi ya kwenda mjini na mengine yanayoteremka pwani ya magharibi hadi Rawai. Kutoka soko la Barabara ya Ranong huondoka magari ya buluu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, kuelekea fuo mbalimbali. Ni rahisi, lakini hukoma jioni mapema. Tuktuk za Phuket ni ghali, hivyo patana bei kabla ya kupanda au ita gari kwa programu ya simu. Mvua inapoanza bei za programu hupanda, subiri ikatike.

Nikodi pikipiki?

Sikushauri katika msimu huu, isipokuwa wewe ni mwendeshaji wa miaka mingi. Barabara ya kilima kati ya mji na Patong ina mteremko mkali na kona, na maji yakichanganyika na mafuta juu ya lami huteleza vibaya. Thailand huendesha kushoto, jambo ambalo Mtanzania, Mkenya na Mganda wamelizoea, lakini Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo hawakulizoea. Bila leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, bima ya safari kwa kawaida haitalipa matibabu.

## Kabla ya kuondoka

Nahitaji hati gani?

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na cheti kionyeshwe kwenye dawati la afya kabla ya kupanga foleni ya uhamiaji. Asiyejua hupanga foleni ndefu kisha akarudishwa. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure, kwa hiyo tovuti inayokudai fedha si ya serikali. Kuhusu viza, masharti hutegemea pasipoti na hubadilika. Thibitisha katika tovuti rasmi ya viza ya Thailand kabla ya kukata tiketi.

Nibebe nini?

Koti jepesi la mvua, viatu vya wazi visivyoteleza, mfuko usiopitisha maji kwa simu na pasipoti, na nguo za kukauka haraka. Plagi za pini tatu bapa za Kenya na Tanzania hazitaingia kwenye soketi za huko, hivyo beba adapta. Usibebe sigara za kielektroniki. Ni marufuku kisheria.

Nijihadhari na magonjwa gani?

Zaidi ya yote, homa ya dengue, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kwa jina la kidingapopo. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Jipake dawa ya kufukuza mbu tangu asubuhi. Homa ikipanda, tumia parasetamoli, usitumie aspirini wala ibuprofeni, na nenda hospitali. Mwambie daktari kwamba umetoka nchi yenye malaria, kwa sababu madaktari wa Phuket hufikiria dengue kwanza, na malaria uliyoibeba kutoka nyumbani inaweza kucheleweshwa kugunduliwa.

Usitembee peku katika maji ya mafuriko, hasa ukiwa na kidonda mguuni. Homa ya mgunda husambazwa na mkojo wa panya na wanyama wengine kupitia maji hayo.

## Hali za pekee

Mafuriko na maporomoko ya ardhi ni hatari halisi?

Mafuriko ya mjini hupungua kwa kawaida ndani ya saa chache. Vilima ndivyo vya kuogopwa. Agosti 2024 ardhi iliporomoka kutoka kilima cha Nakkerd, chenye sanamu ya Buddha Mkubwa, ikaua watu 13 upande wa Karon. Chagua malazi katika eneo tambarare, si chini ya mteremko uliokatwa, na ikinyesha mfululizo usiku kucha, ahirisha safari ya vilimani. Idara ya hali ya hewa hupatikana kwa namba 1182.

Boti ikifutwa, nitarudishiwa fedha?

Ikifutwa na mwenye boti au mamlaka, mara nyingi utapewa siku nyingine au fedha zako. Ukighairi wewe kwa kuogopa mawingu, mara nyingi hutapewa kitu. Pata masharti kwa maandishi, na panga safari ya boti mwanzoni mwa ziara yako ili ibaki nafasi ya kuiahirisha. Usiiweke siku ya mwisho kabla ya ndege.

Likizo yangu ni Julai au Agosti tu, na nataka ufuo wa kuogelea. Nifanyeje?

Nenda kisiwa cha Ko Samui, upande wa Ghuba ya Thailand. Mvua zake kubwa hunyesha Oktoba hadi Desemba, na Julai na Agosti bahari yake kwa kawaida ni tulivu. Unaweza kukaa Phuket siku chache kwa ajili ya mji na matunda, kisha ukavuka kwa basi na feri.

Nikifika mwanzoni mwa Novemba, bado ni msimu wa mvua?

Ni mpito. Upepo unaanza kugeuka, Similan imekwisha kufunguliwa, na bei bado hazijapanda kufikia za Krismasi. Mvua za ghafla bado zipo, na mawimbi yanaweza kuendelea siku kadhaa baada ya mbingu kutakata, kwa hiyo maelezo yote ya bendera nyekundu hapo juu yanabaki kama yalivyo.